Kinga Moja, Mashine Sita

Kabla ya kugusa mnyororo wowote, Tupa alimfunga baba yake vifungo vya shati.

Ilikuwa kazi ya kila asubuhi tangu vidole vya baba vilipoanza kufa. Kwa nje vilikuwa vizima, ila ncha zake zilikuwa nyeupe na baridi hata jua likiwaka, na sarafu ikimponyoka mkononi hakujua mpaka aisikie chini. Miaka kumi na tisa ya kushika msumeno wa mashine unaotetemeka ilikuwa imeingia humo na ikakataa kutoka. Alisimama akitazama juu ya kichwa cha binti yake, kama mtu anayepimwa na fundi cherehani, na wote wawili wakajifanya ni jambo la kawaida.

"Cha juu kiache. Kinanikaba."

"Leo ushike kwa nguvu, baba."

"Kwani siku zote nashika kwa mapenzi?"

Tupa alicheka kidogo ili asije akasema mengine.

Wakabeba vitu vyao mpaka kambini, pembeni mwa msitu ambako nguzo za umeme zingepita. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika hapo. Waliitana kwa kazi na vituko, na yeye alikuwa Tupa kwa sababu hakuna siku aliyoonekana bila tupa mkononi. Meza yake ilikuwa kisiki, na kwenye kisiki hicho minyororo ya mashine zote ilipita kunolewa asubuhi na mchana. Mpaka Jumatatu mashine zilikuwa saba. Sasa zilikuwa sita.

Kampuni haikununua mashine hata moja. Kila mkataji alikuja na ya kwake, zile kubwa za kazi nzito, ubapa wake wa chuma mrefu kama mguu wa mtu mzima. Baba aliuza kiwanja cha nyumba ili apate yake. Mashine ni yako, waliambiwa siku ya kwanza, kwa hiyo ikikuumiza umeumizwa na mali yako.

Nyapara alifika kabla chai haijachemka. Alikuwa mtu mpole wa sauti, ndiyo maana watu walimwogopa.

"Jumamosi tunatakiwa tuwe tumefika mtoni," alisema. "Leo kila mtu magogo thelathini na tano. Na visiki vikatwe sawasawa na ardhi. Tupa, vile vidole vishushe."

Mbele ya kila jino la mnyororo kuna kinundu kidogo, kama kidole, kinachozuia jino lisiume mti kupita kiasi. Baba ndiye aliyemfundisha: pitisha tupa mara mbili, basi, weka chini. Ukikishusha sana mashine hukata haraka kama inakata sabuni, lakini siku ncha ya ubapa ikigusa kitu kigumu, mashine yote huruka nyuma, na nyuma ndiko kwenye uso wa mtu.

"Mara mbili nimeshapitisha, mkubwa."

"Pitisha mpaka vilale."

"Jumatatu ulisema hivyo hivyo kwa Kijiti."

Nyapara alimtazama bila hasira. "Kijiti aliteleza. Nimeandika mwenyewe."

Kijiti, mkataji wa mashine ya saba, alikuwa hospitalini, taya limefungwa kwa waya. Mnyororo wake aliunoa Tupa. Tangu Jumatatu mkono wake wa kulia ulikuwa unamuuma mahali pasipo na jeraha.

Akavishusha. Mnyororo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nyapara alipitisha kidole gumba juu ya kila mmoja kabla haujafungwa, kama mama anayekagua masikio ya mtoto. Alipofika kwenye wa baba, Tupa alipitisha tupa mara mbili akauweka chini. Nyapara aliupapasa, akaurudisha mbele yake. Baba alikuwa amekaa juu ya dumu la petroli, anatazama viatu vyake.

"Fanya, mwanangu," alisema.

Akafanya.

Kilichobaki ni kinga. Mashine ya namna hiyo hutoka kiwandani na kipande cha plastiki ngumu kinachosimama mbele ya mkono wa kushoto. Mashine ikirukia usoni, mkono hukigonga, na mnyororo husimama papo hapo. Lakini ukikata kisiki chini kabisa, kinga hugonga ardhi na kuzimisha kazi kila dakika. Kwa magogo thelathini na tano nani ana dakika hizo? Wakataji walizing'oa, nyingine zikavunjika, nyingine zikapotea porini. Kambi nzima ilibaki na moja, ya baba.

Na kila siku saa moja alikuja Bwana Usalama na muhuri wake kukagua kinga.

Basi walikuwa na utaratibu wao. Mashine zilipangwa mstari. Tupa alifunga kinga kwenye ya kwanza kwa skrubu mbili, Bwana Usalama akaitazama, akapiga muhuri kwenye karatasi ya mashine hiyo, akageuka kuwasha sigara. Sigara ikiwaka, kinga ilikuwa imeshahamia ya pili. Alikagua plastiki ile ile, yenye ufa ule ule, mara saba kwa asubuhi moja. Ya baba ilikuwa ya mwisho, kwa adabu ya mwenye mali, na ikishagongwa muhuri kinga ilirudi kwenye kopo la Tupa mpaka kesho yake.

Leo Tupa aliweka mashine ya baba mbele. Aliinama, akafunga skrubu mbili mpaka bisibisi ikalia, kisha akachukua tupa ya pembetatu akasaga vichwa vya skrubu, taratibu, mpaka pakawa laini kama kifungo. Hakuna bisibisi ambayo ingeshika tena hapo.

Redio alimwona. Redio alikuwa mkataji aliyepata jina kwa mdomo wake, na mashine yake ilimfuata bwana wake: alikuwa ametoboa ekzosi ili ipate pumzi, na ikinguruma kijiji cha pili walijua yuko kazini.

"Umemchagulia mzee," alisema kwa sauti ya chini.

"Ni ya kwake."

"Sijakataa, dada. Ningekuwa na binti, ningetaka awe mchoyo kama wewe."

Bwana Usalama alifika, akatazama mashine ya baba, akapiga muhuri, akageuka, akawasha sigara. Alipogeuka tena, mashine ya Redio ilikuwa uchi.

"Kinga iko wapi?"

Watu wote wakatazama chini. Tupa alikohoa. "Ipo moja, bwana. Na haitoki."

Miezi minne hakuna aliyewahi kulisema hilo kwa mdomo. Nyapara aliacha kuandika. Bwana Usalama aliitazama saa yake, akalitazama gari lililokuwa linamsubiri, akaivuta karatasi ya Redio, akaweka alama mahali palipoandikwa *kinga ya mkono: ipo*, akapiga muhuri. Akaivuta inayofuata. Hakutazama tena mashine hata moja. Alimaliza karatasi tano kabla sigara haijafika katikati.

Gari lilipoondoka, Redio alikuna kichwa. "Kumbe siku zote hizi tumejichosha bure na bisibisi."

Wakacheka, na wakiwa bado wanacheka wakabeba mashine wakaingia msituni.

Tupa alibaki na minyororo ya akiba na karatasi sita ndani ya kopo. Alizijua mashine zote kwa sauti, kama mama mwenye nyumba anavyojua nyayo za wapangaji. Ya baba ilikuwa na kikohozi, ikizima na kuwaka, ikizima na kuwaka. Kinga inagonga ardhi, alijua. Anachelewa. Leo hatafikisha hata ishirini. Na aendelee kuchelewa. Ya Redio ilifunika zote.

Kisha ya Redio ikakatika.

Haikushuka polepole kama mashine inayozimwa. Ilipanda, ikapiga kelele nyembamba, ikakatika.

"Anaongeza mafuta huyo," alisema Nyapara, aliyekuwa amebaki naye kambini.

"Nimemjazia sasa hivi. Hata nusu saa haijaisha."

Ikazimwa ya baba. Zikafuata nyingine, moja baada ya moja, mpaka msitu mzima ukanyamaza, na mtu akaita jina kule ndani. Halikuwa jina la utani.

Nyapara hakukimbia. Alitoa daftari.

"Hujaenda kuona," Tupa alisema. "Unaandika nini?"

"Tarehe."

Shule yake iliishia darasa la saba, lakini neno fupi alilisoma hata likiwa kichwa chini. *Aliteleza.*

"Nipe karatasi yake," Nyapara alisema kwa upole ule ule. "Saa moja kinga ilikuwepo, muhuri upo. Kama alikwenda kuitoa mwenyewe porini, kampuni ifanyeje?"

Tupa alifungua kopo. Wino wa muhuri kwenye karatasi ya Redio ulikuwa bado unaacha rangi kwenye kidole. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani.

"Kinga iko kwenye mashine ya baba yangu," alisema, "na skrubu zake hazina vichwa. Ilikaaje kwa Redio? Nenda na bisibisi yako ukawaoneshe ilivyotoka."

Nyapara alinyoosha mkono, akaubakiza hapo hapo hewani.

Tupa akakusanya vitambaa vyote safi vilivyokuwa mezani, akakimbilia kule sauti ilikokuwa inaita.