Nyayo Juu ya Ukoko

Kazi ya kumwagilia majivu haina sifa hata kidogo. Ukiwaambia watu unamwagilia, wanakuuliza umepanda nini. Mwanamke huyu hakupanda kitu. Kila siku alivuta mpira wa maji kuzunguka bwawa la majivu la mtambo wa umeme, akilowanisha uso wake ili upepo usibebe vumbi hadi madirishani mwa watu na vifuani mwao. Wenzake walimwita Mvua, na jina likamganda hadi akasahau kulikasirikia.

Bwawa lenyewe usidhani ni la maji. Makaa ya mawe yakishaungua kwenye matanuri ya mtambo, majivu yake yalichanganywa na maji yakawa uji, uji ukasukumwa na pampu kwenye bomba refu, ukaja kumwagwa hapo. Maji yanachuja, majivu yanatuama, juu panashika ngozi ngumu ambayo watu wa bwawani wanaiita ukoko. Na ukoko ule ni mwongo kweli kweli. Mahali pengine unabeba mtu na baiskeli yake, mahali pengine haubebi hata kunguru. Kwa hiyo watu wa bwawani walikuwa na kanuni yao waliyofundishana tangu bwawa lichimbwe: peusi pana maji, usikanyage, peupe pamekauka, pita.

Mume wake alikuwa mtu wa bomba. Upande mmoja wa bwawa ukijaa, yeye ndiye aliyehamisha mdomo wa bomba kwenda upande mwingine. Kabla ya kufungua kiungo aligonga chuma kwa spana, mara mbili, akanyamaza, mara moja, na sauti ikasafiri ndani ya bomba hadi kwa mtu wa pampu, naye akafunga. Siku moja alikwenda kazini, hakurudi. Mkoba wake haukuonekana chumba cha kubadilishia nguo, na wiki hiyo hiyo mpishi mmoja wa kantini, mwanamke mwenye mwanya mzuri, aliacha kazi bila kuaga. Basi! Watu walijumlisha wakapata jibu. Ofisi ikasema ametoroka kazini. Mtaa ukasema ametoroka na mwanya.

Miaka ikapita. Mvua akaomba kazi pale pale bwawani, akapewa. Alibaki nyumbani kwake na mama mkwe, maana bibi yule hakuwa na mtoto mwingine, na angekwenda wapi? Lakini shukrani? Thubutu! Akiamka ni matusi, akilala ni matusi. "Mwanangu kamkimbia huyu," aliwaambia wageni, Mvua mwenyewe akiwa amekaa hapo hapo anawamiminia chai. "Mtazameni alivyonuna. Nani angekaa?" Na Mvua, mtu ambaye mbuzi wa jirani akitafuna kanga yake alimwomba kwanza apishe, alikuwa anaweka vikombe na kwenda zake jikoni. Huko jikoni alilia kimya kimya, akanawa uso, akarudi na sukari.

Kisha akaja mhandisi mpya. Kijana mwenye heshima, ila akishika jambo haachi. Aliwakusanya watu wa bwawani akawaambia bwawa limejaa pomoni, kuta zimechoka, na zikipasuka wakati wa mvua kubwa majivu yote yataishia mtoni, na mto ule watu wanakunywa. Pampu ya bwawa hilo ikazimwa kwa jumla. Tangu siku hiyo majivu mapya yangekusanywa makavu na kupelekwa kwenye kiwanda cha matofali, na yale ya zamani yangechimbwa yote yafuate njia hiyo hiyo.

"Taka ikitumika siyo taka tena," alisema, na watu wakapiga makofi. Hata Mvua alipiga. Ni mikono ilipokuwa hewani ndipo wazo la mumewe lilipomwingia, akaishusha polepole.

Mashine ya kuchimba ikaja, na dereva wake, mtu mnene mcheshi ambaye watu walimwita Kijiko kama mashine yake. Alianza kula bwawa kutoka ukingoni, malori yakawa yanapanga foleni. Asubuhi moja, Mvua alipofika na mpira wake, aliziona nyayo.

Zilikuwa katikati ya bwawa, mbali na ukingo, juu ya uso aliokuwa ameulowanisha mwenyewe jioni. Nyayo za buti. Hazikutoka popote wala hazikwenda popote. Zilizunguka tu mahali pamoja peupe karibu na mdomo wa bomba la zamani, duara juu ya duara, kama mtu aliyeangusha kitu anakitafuta. Mguu wa kushoto ulikuwa unatazama nje kidogo. Mvua aliushika mpira wa maji kwa mikono miwili, kwa sababu mguu ule aliufahamu. Alikuwa ameushonea soksi.

Akazimwagia maji zikafutika. Kesho yake zipo. Akazifuta tena. Hakumwambia mtu, angemwambia nani? Lakini alipokuwa anakunja mpira siku ya tatu au ya nne, jua likiwa kali na malori yamekwenda kupakua, bomba liligonga. Mara mbili. Kimya. Mara moja. Bomba lenyewe lilikuwa limekatwa upande wa pampu, halina uji wala maji, limelala tu juani. Mara mbili, kimya, mara moja. Alikuwa anaomba wafunge. Miaka yote ile, mume wake alikuwa anaomba mtu afunge pampu.

"Umesikia?" Kijiko alikuwa ameshuka kwenye mashine, jasho limemlowanisha. Hakuwa na utani wowote usoni. "Dada, niambie umesikia, maana kama ni mimi peke yangu narudi kwetu leo."

"Nimesikia."

"Na nyayo?"

"Nimeziona."

"Loo! Mimi niliambiwa nakuja kuchimba majivu," alisema Kijiko. "Hapa pananuka kaburi."

Walikwenda wote wawili kwa mhandisi. Mvua alisema kwa kifupi, macho chini: mume wangu yumo humu, nakuomba mashine isifike kwenye mdomo wa bomba, msije mkampakia kwenye lori akawa tofali. Neno hilo la mwisho lilimtoka kwa shida. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho, na hakucheka, hilo tumpe.

"Dada, kazi haiwezi kusimama kwa ajili ya nyayo. Masika yakitukuta hatujamaliza, watu wa huko chini wataumia. Na ofisi inasema mumeo alitoroka." Akasugua kipaji cha uso. "Wewe ni mkewe, watasema unatafuta kujisafisha. Lakini mama yake mzazi akija akasema mbele yangu kwamba mwanawe yumo humu, nitaisimamisha kazi hapo, na tutachimba kwa koleo na mikono. Nitajibu mimi kwa wakubwa. Ila aje upesi. Kesho kutwa mashine inafika pale."

Mama yake mzazi! Ni bora angeambiwa alete mwezi kwenye ndoo. Mvua alirudi nyumbani. Alijua kabisa anakwenda kumwomba nini bibi yule: amzike mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe. Na akikataa, basi mume wake atakuwa ukuta wa nyumba ya mtu asiyemjua, watu watapigilia misumari watundike makoti.

Alimkuta sebuleni anachambua mchele. Akakaa sakafuni karibu naye, jambo ambalo hakulifanya siku nyingi.

"Mama, mwanao hakutoroka. Yumo bwawani."

Sinia liliruka, mchele ukatapakaa chumba kizima. "Mkosi wewe! Humtaki hata awe hai huko aliko? Unamuua mwanangu kwa ulimi wako?" Alisema mengi, mengine hayasemeki. Mvua alikusanya mchele punje kwa punje kwenye mkeka, kila tusi likimpata pale pale yalipompata yaliyotangulia. Alipomaliza alisema tu, "Anagonga bomba, mama. Anaomba wafunge." Kisha akaenda kulala na njaa.

Asubuhi akamkuta bibi mlangoni, amevaa, ameshika mwavuli.

"Nipeleke," alisema. "Nikishaona upuuzi wako nitakuaibisha mtaa mzima, mpaka ujute kuzaliwa."

Bwawani mashine ilikuwa imezimwa, na Kijiko na mhandisi wamesimama ukingoni. Nyayo zilikuwepo, tena siku hiyo nyingi kuliko siku zote, duara limekandamizwa hadi likang'aa. Mama mkwe alizitazama muda mrefu.

"Mtu yeyote anaweza kukanyaga," alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Bibi, akanyage nani pale?" Kijiko aliokota jiwe la ukubwa wa ngumi akalirusha katikati ya ule weupe. Ukoko ulipasuka kama ganda la yai, uji wa kijivu ukalimeza jiwe, ukajifunga tena.

"Lakini peupe ndipo pamekauka," alisema Mvua. "Ndivyo walivyofundishwa wote."

Mhandisi alitikisa kichwa. "Kwingine, ndiyo. Kwenye mdomo wa bomba kuna majivu mepesi yanayoelea. Yanapanda juu, yanakauka yakawa meupe, na chini yake unabaki uji vile vile. Pale peupe ndipo pabaya kuliko pote." Alikuwa anamtazama mama mkwe aliposema hivyo, na alisema kwa huruma. "Nadhani alikwenda na mkoba wake begani, akagonga wafunge, pampu ikawa inanguruma mwenzake asisikie. Akaona peupe. Akapita."

Mama mkwe aliuachia mwavuli, akalisogelea lile bomba lililolala ukingoni, akaweka kiganja juu yake. Chuma kilikuwa na umande bado. Hakuna aliyekuwa amelikaribia bomba isipokuwa yeye, na wote waliona mkono wake ukiruka chuma kilipogonga chini ya kiganja. Mara mbili. Kimya. Mara moja.

Bibi yule alipiga ukelele ambao Mvua hakuwahi kuusikia kwa mtu. "Fungeni! Mfungieni mwanangu! Jamani, hamumsikii? Anawaambia mfunge!" Akageuka, akamshika mhandisi koti kwa mikono miwili. "Yumo humu. Mimi ndiye niliyemzaa, mimi nasema. Amekufa, yumo humu. Mtoeni."

Walichimba kwa koleo siku ile na iliyofuata, wamelaza mbao juu ya ukoko na kujifunga kamba viunoni. Kijiko alikuwa wa kwanza kushuka, ingawa kazi yake ilikuwa usukani. Walimpata chini kidogo ya mdomo wa bomba. Majivu yalikuwa yamemshika na kumtunza, buti miguuni, mkoba begani, na mkono ule ulioshika spana ulikuwa umeinuliwa juu ya kichwa. Mtu wa pampu wa siku zile, ambaye sasa alikuwa mlinzi wa geti, alikuja akamwona, akavua kofia, akaenda kukaa nyuma ya ghala, na hakuna aliyemfuata kumuuliza neno. Bomba halikugonga tena.

Baada ya maziko, waombolezaji walipotawanyika, wanawake wawili walibaki chumbani peke yao. Mvua alikuwa amejitayarisha kwa mengi. Alidhani ataombwa radhi, au atafukuzwa, vyote alikuwa na jibu lake.

"Nilikuwa najua," alisema mama mkwe, akitazama ukuta. "Siku ile ile hakurudi, nilijua. Mwanangu hangeondoka bila kuniaga mimi. Lakini wakasema katoroka, nikalishika neno hilo. Mtu akitoroka lazima awe na alichokikimbia. Nikakutafutia ubaya. Kila siku uliyokuwa mbaya, mwanangu alikuwa anapumua mahali fulani. Nikinyamaza siku moja tu, anakufa."

Mvua aliinua macho akamtazama.

"Na mimi je, mama?" alisema. "Mimi nilikuwa napumua?"

Bibi aligeuka. Uso wake ulikuwa mdogo. Akasogea juu ya mkeka mpaka magoti yao yakagusana.

"Hukupumua," alisema. "Sasa zamu yako. Nitukane."

Mvua alifungua mdomo akidhani hatapata neno, yeye asiyejua kumfokea hata mbuzi. Lakini yalikuja. Yalikuja yote, kwa mpangilio, ya asubuhi na ya jioni, mbele ya wageni na jikoni, ya mchele na ya chai. Alimtukana mama mkwe wake kwa sauti mpaka majirani wakatoka milangoni, wakashika vinywa, wasijue waingie au wasiingie. Na kwa kila tusi mama mkwe aliinamisha kichwa akaitikia, "Ndiyo, mwanangu," akimshika mikono yote miwili ili asije akaacha kabla hajamaliza.