Maji ya Kuoshea Mchanga

Mume wangu ni bahili, na simsingizii; hata yeye mwenyewe ukimwambia anacheka. Sabuni ikibaki kipande chembamba anakibandika kwenye mche mpya. Maganda, majivu, maji ya kuoshea mchele, vyote kwake vina kazi. Tangu tuoane nimemsema kwa hilo, na tangu tuoane yanaingia sikio hili yanatokea lile.

Lakini binti yetu alipoanza dawa za saratani, bahili huyo huyo alifungua mkono. Daktari alituonya kwamba mwili wa mtoto hauna askari tena, kimelea kidogo tu cha kwenye maji kingeweza kumwangusha. Sisi tunalima mboga, tunamwagilia kwa maji ya mto, na wanaoishi juu yetu kila mtu anajua wanafanya nini mtoni. Basi akajenga chujio: matangi mawili, kokoto chini, mchanga mwembamba juu, pampu mpya. Binti yetu tulimwita Chiriku, maana mdomo wake haukupumzika hata akiwa na dripu mkononi. Alinitania kwamba nimeletewa mke mwenza, na jina lake Pampu.

Alikufa kwa kuhara. Kipimo kilionyesha vimelea. Loo, midomo ya watu! Msiba haujaisha, wateja wameshaanza kuzipita saladi zetu wakitazama pembeni. Mume wangu akaapa kwamba si maji yake. Alilia, akaapa tena, mwisho akaenda mwenyewe kumwita bwana shamba aje apime. Mimi pia niliomba yasiwe maji yetu. Nilitaka iwe chakula cha hospitali, kikombe cha jirani, chochote kile, ili mradi isiwe sisi.

Majibu yakatoka: maji ni safi. Bwana shamba aliyaleta mwenyewe, akalizunguka chujio akilisifu. Mume wangu akashusha pumzi, mara ya kwanza tangu tuzike. Ndipo mgeni akauliza, kwa kuuliza tu, mchanga wenyewe unaoshwaje. Mume wangu akamweleza kwamba kila asubuhi anasukuma maji kinyume, kutoka chini, yanapanda na uchafu wote, yanatokea juu.

"Na hayo machafu unayamwaga wapi?" bwana shamba akauliza. "Maana vimelea vyote vya mto vimo humo."

Macho ya mume wangu yalikwenda nyuma ya jiko, kwenye tuta dogo lililostawi kuliko yote. Maji yale aliona hasara kuyatupa, akawa anamwagilia tuta hilo. Saladi za pale hatukuuza. Zilikuwa za Chiriku. Alizitafuna mbichi akiwa amesimama pale pale, na baba yake ndiye aliyemchumia majani laini.

"Shimoni," akasema, kwa sauti ambayo sikuijua.

Bwana shamba akanigeukia mimi. Hasira ilinipanda. Miaka yote nimemsema mtu huyu kwa kipande cha sabuni, na leo nilikuwa na neno la kummaliza kabisa. Nikamtazama. Bado macho yake yalikuwa kwenye tuta lile.

"Ndiyo," nikasema. "Shimo liko kule mbali."

Mgeni alipoondoka, mume wangu alichukua jembe akaenda kulichimba shimo lenyewe. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikaling'oa tuta lote, na hapo kilio kikanitoka kwa sauti. Kule mbali jembe likanyamaza. Alikuwa ananisikia, akashindwa kuja, nami sikumwita.