Koki na Tarakimu ya Kumi

Mwalimu Amondi alikuwa amestaafu miaka sita, lakini ulimi wake haukustaafu. Mtu akikosea mbele yake, hata awe mchungaji, alimrekebisha papo hapo, anune asinune. Jumamosi hiyo harusi ilikuwa imepamba moto katika ukumbi wa Kaloleni, na Ondiek, mlinzi wa langoni, akamletea mtoto.

"Mwalimu, huyu amepotea. Msaidie."

Mtoto wa miaka mitano hivi, wala halii. Alisema anaitwa Koki, wametoka Njiru, mamake ni Mwelu, na namba ya simu ya mama ameikariri. Amondi akatoa simu yake, moyo umemtulia. Koki akazitaja tarakimu kwa sauti ya kuimba, akaishia ya tisa.

"Imeisha."

"Imeisha wapi? Namba ni kumi!" Amondi alifoka. "Umeruka moja. Anza tena, na usikosee!"

Koki akaanza tena, akakwama kwenye ya nne. Mara ya tatu hakuvuka ya pili.

"Haya, achana na namba. Mama anaitwa nani?"

"Sijui."

Amondi akashtuka. Jina hilo si amelitaja sasa hivi, hata dakika tano hazijapita?

"Na wewe unaitwa nani?"

Mtoto akatazama viatu vyake. "Sijui."

Miaka thelathini na minne darasani Amondi aliwaita watoto wa namna hiyo mbumbumbu, akawasimamisha mbele ya wenzao. Huyu alikuja na kila kitu kichwani, na aliyekifukuza ni yeye. Alitamani kulirudisha lile neno lake la "usikosee", lakini maji yakimwagika hayazoleki. Aliogopa.

Mara mwanamke akatokea mbio, viatu mkononi, kilemba kimeanguka mabegani. "Koki! Koki wangu!"

Ondiek akamzuia. "Pole, madam. Siwezi peana mtoto hivi hivi. Wacha aseme mwenyewe." Akachuchumaa. "Sasa, Koki? Huyu ni mathe yako?"

Hakuna swali jepesi kuliko hilo. Koki alimtazama mama aliyekuwa akilia mbele yake. Kisha akageuka, akainua macho hadi usoni mwa Amondi.

"Mwalimu," akanong'ona, "jibu ni gani?"