Mipopla ya Mbio

Upepo wa pale kwa Lusekelo haukuwa na adabu hata kidogo. Alinunua ekari nne nje ya Herndon, huko Marekani, ili mama yake, aliyemleta kutoka Tukuyu, apate pa kuota jua na kuchambua maharage yake nje kama alivyozoea. Wapi! Mama akitoka tu, upepo unampokonya mtandio, kifua kinambana, anarudi ndani akikohoa. Mwaka mzima sasa bibi wa watu anautazama uwanja kupitia kioo, na Lusekelo kila akimwona anajihisi kama amemfunga jela.

Ndiyo maana Jumamosi ile yeye na mama walikuwa kwenye kitalu cha miche, wakitafuta mipopla chotara, miti mirefu ya kukinga upepo. Muuzaji, Ryan, aliwaonyesha aina mbili. Hii, alisema kwa Kiingereza, inakua mbio. Miaka mitatu minne mna ukuta, ila ikifika kumi na tano inaanza kuoza na kuvunjika. Ile inakwenda polepole, ukuta wake ni wa miaka kumi, lakini inadumu arobaini.

"Atakayekaa hapo ni nani?" aliuliza.

"Mama yangu."

Ryan akamtazama mama, ajuza wa miaka themanini na ushee, kisha akaushika mche wa ile ya mbio.

Lusekelo akahisi uso unamwaka moto. Kununua ya mbio si ni kutangaza kwamba mama hana muda? Kwao mtu hamchurii mzazi wake kwa kumtabiria kifo. "Tunachukua ya polepole," alisema upesi.

"Amesemaje huyo mzungu?" mama aliuliza.

"Anasema hii ni mizuri, mama. Inadumu."

"Na ile?"

"Ile... haifai."

"Haifai, na yeye kaing'ang'ania hivyo? Lusekelo, nimekuzaa mimi. Ukidanganya unakuna sikio, tangu mdogo."

Mkono ulikuwa sikioni kweli. Ikabidi aseme yote, macho kwenye viatu, hata ile miaka kumi ya kungoja ukuta.

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Ala! Yaani nikae ndani miaka kumi kwa sababu ya heshima?"

"Mama, sitaki uondoke." Machozi yakamtoka hadharani, mwanaume mzima mwenye mvi, katikati ya miche ya watu.

Mama akamfuta kwa ncha ya mtandio. "Nitaondoka, baba. Nani ataishi milele? Ila mimi nataka niondokee nje, kwenye jua, siyo kwenye kioo."

Lusekelo akamgeukia Ryan, akamwambia apakie ya mbio, yote aliyonayo.