Mstari Uliopanda Mchana

Sitaki kujifanya malaika: wifi yangu nilimwonea kijicho tangu siku kaka alipomleta nyumbani. Mama alimpokea kwa "mwanangu, mwanangu" mpaka nikajiuliza mimi nilizaliwa na nani. Kama hiyo haitoshi, akaajiriwa maabara ileile ninayofanya kazi, meza ya pili kutoka kwangu. Haya, niende wapi?

Tunatafuta dawa ya kifafa. Seli za neva zina vijilango vya kupitishia potasiamu. Vikifunguka, neva inatulia, vikikwama, mgonjwa anaanguka. Kila mmoja wetu alikuwa ametengeneza dawa yake ya kuvifungua. Mkuu wa maabara alikuwa na nafasi ya kupeleka mbele dawa moja tu, na mkutano wa kuichagua ulikuwa Ijumaa saa nne. Yangu niliisotea miaka minne. Yeye, mwaka na nusu.

Alhamisi asubuhi ilikuwa zamu yake kwenye mashine. Unagusa seli kwa sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele, unapitisha dawa kwa mirija ya plastiki, halafu unatazama skrini. Mstari ukipanda, milango imefunguka. Wa kwake ukalala doro. Nikamwambia, "Pole, wifi," na moyoni nikapiga vigelegele.

Mchana nikaingia mimi, mirija ileile baada ya kuisuuza. Mstari ukapanda! Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Wifi akanikumbatia, akampigia mama simu hapohapo: "Mama, binti yako kaweza!" Mimi nikaona anajipendekeza tu.

Ijumaa niliwahi saa moja ili nirudie kipimo. Nikaanza na maji ya chumvi matupu, kama utaratibu unavyotaka, maana jana kwa pupa niliuruka. Mstari ukapanda. Maji ya chumvi, jamani! Nikabadilisha seli, ukapanda tena. Nikaitazama mirija, ndipo nikaelewa. Dawa ya wifi ilikuwa ya mafutamafuta. Ilinata kwenye plastiki, seli yake haikupata kitu, halafu mchana ikawa inajitoa kidogo kidogo ndani ya kipimo changu. Nikafunga mirija mipya, nikapitisha dawa yangu. Doro.

Sikufikiri mara mbili. Mirija ya zamani niliitia kwenye mfuko, nikaitupa kwenye pipa la taka za kemikali, nikanawa mikono. Nani angejua?

"Wifi." Alikuwa amesimama mlangoni. "Umerudia kipimo?"

"Kimekwenda vizuri," nikasema.

Akafunga mlango. "Mimi nilijua jana. Ulipotoka nilipitisha maji matupu, mstari ukapanda. Dawa yangu ndiyo iliyonata." Akashusha sauti. "Lakini nilikuona ulivyofurahi. Na mama anavyotangaza kwa kila mtu! Basi chukua nafasi, wifi. Mimi nitatengeneza nyingine. Sitasema kitu."

Damu ikanichemka. Angenitukana ningemshukuru. Alikuwa ananigawia jasho lake kama mtu anayempa mtoto pipi, na mimi nilikuwa nimeshaiba! Yaani hata kwenye wema alinitangulia. Wagonjwa wala hatukuwataja, si yeye si mimi.

Saa nne mkuu akasema, "Haya, tuisikie hiyo dawa iliyofungua milango."

Nikasimama. Msidhani nilisukumwa na dhamiri. Nilishindwa tu kujiona nikila huruma ya wifi maisha yangu yote, kila nikikaa naye mezani kwa mama.

"Dawa yangu haifanyi kitu," nikasema. Nikaeleza mirija, maji ya chumvi, yote isipokuwa pipa. "Pimeni ya wifi, kwa mirija ya kioo. Ndiyo iliyofungua."

Mkuu akavua miwani. "Kosa kama hili wengi linawapita," akasema, sauti imelainika. "Umeligundua peke yako?"

Wote walinitazama kwa heshima niliyoitamani miaka minne. Wifi aliinamisha kichwa. Angeniachia na hilo pia, namjua.

"Yeye," nikasema. "Jana. Kabla yangu."