Mfalme wa Chumba cha Nyuma

Makena alikuwa akimbadilisha nepi Mfalme wa Waingereza alipoamuru Maurice, mfanyakazi mwenzake, afungwe, kwa sababu uji ulikuwa na mabonge. Mnara wa mawe ukaota kando ya gereji, pale kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Champlin, Marekani, na Maurice akakaa ndani yake mpaka jioni. Mleta barua aliuzunguka, akaendelea na kazi yake.

Mfalme aliletwa na ambulensi majira ya baridi yalipoanza, kama wagonjwa wengine. Hakusema yeye ni yupi kati ya wafalme wao. Alionekana kuwa wote. Alichosema kilitendeka. Alikataza theluji isianguke dirishani kwake, ikaacha. Alimwambia Harrison, mwenye nyumba ile na bosi wao wote, apige magoti amfunge viatu, na Harrison akapiga magoti. Wafanyakazi walilifurahia sana jambo hilo, kisha wakaacha kulifurahia, maana zamu ya kupiga magoti iliwafikia wao mara nyingi zaidi.

Wafanyakazi wote walikuwa Wakenya, na Wakenya hata wakiwa wanne hawakosi kuunda chama. Waliketi jikoni, Peris akiwa mwenyekiti, wakafungua kwa maombi, wakaazimia kwamba Mfalme asimfunge mtu mpaka wenzake wakubali. Mfalme alifura. Wakamnyima chai hadi akalipiga azimio muhuri kwa pete yake. Baadaye wakamwondolea haki ya kuchukua nyama kwenye sahani zao. Alipowakaidi, walimtoa kichwa, wakakiweka juu ya friji wikendi nzima, halafu wakamrudishia akiwa mpole. Kufikia Pasaka alikuwa amebakiwa na haki ya kuulizwa, ya kutia moyo na ya kuonya, na kazi ya kusukumwa jikoni kwa kiti cha magurudumu kufungua mikutano kwa hotuba aliyoandikiwa na Peris. Walijivunia, na walikuwa na sababu. Hakuna aliyefungwa tena.

Ndipo mama yake Kemunto alipozidiwa na ugonjwa kule Nyamira, Kenya.

Kemunto alikuwa mdogo wao wote kazini, na kibali chake cha kuishi Marekani kilitegemea kazi ile. Alimwomba Harrison ruhusa ya kwenda kumwona mama angali hai.

"Na nani atakucover kwenye zamu zako?" Harrison aliuliza, bila ukali. "Wewe enda tu. Lakini ukienda, nitawaambia watu wa uhamiaji huna kazi hapa."

Kemunto akaingia chumba cha nyuma, akashika mkono wa Mfalme. "Mwambie aniachilie, tafadhali. Wewe sema tu."

"Naweza kumwonya," Mfalme alisema.

Akamwonya. Harrison alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa heshima zote, akampangia Kemunto shifti za wikendi.

Kemunto alikileta kilio chake kwenye mkutano. Aliomba Mfalme arudishiwe uwezo wake kwa siku moja, atoe amri moja, basi.

Maurice alisimama. Alimpenda Kemunto kama dada wa tumbo moja. "Leo ni kwa ajili ya mama yako, dada. Kesho ni mimi tena kwenye mawe. Huyo ukimpa siku, harudishi."

Kura zikamkataa. Kemunto alijua Maurice anasema kweli, na hilo lilimuuma kuliko kukataliwa.

"Na Harrison je?" Makena akauliza. "Si naye tumkalishe chini?"

Peris alitazama karatasi yake, akasema hilo halimo kwenye ajenda. Hakuna aliyeomba liingizwe. Watu waliothubutu kumtoa mfalme kichwa waliinamisha vyao, na ilikuwa aibu kuwatazama. Mfalme akatangaza mkutano umefungwa, kama sheria inavyotaka.

Mama alizikwa Alhamisi. Saa ya kuteremsha jeneza, Kemunto alikuwa akimlisha Mfalme viazi vya kupondwa, machozi yakimtiririka naye hayafuti, kwa kuwa alivaa glavu. Mfalme alimtia moyo. Alifanya hivyo vizuri, kwa maneno ya upole, kwa muda mrefu.

Kisha Harrison akafungua mlango kutazama kama sakafu imepigwa deki. Kemunto akasimama. Na Mfalme wa Waingereza, ambaye hakuwa amekanyaga chini tangu aletwe, akashika ukingo wa kitanda, akasimama pia, akainamisha kichwa.