Mkebe wa Tano

Nasriya alimwambia mumewe toka asubuhi kuwa picha hii itawatia balaani. Lakini nani aliyekuwa akiililia miezi mitatu? Si yeye mwenyewe! Tangu wakimbie Unguja mwaka wa sitini na nne hakuona picha ya Kimisri hata moja, na Maskati ya mwaka ule wa sitini na tisa haikuwa na senema, zimekatazwa. Ukisikilikana na mambo hayo, utaitwa ukajieleze. Basi Yaarub, karani wa kampuni ya mafuta, akaitoa picha ya mpelelezi kwenye klabu ya wafanyakazi Ijumaa asubuhi, pamoja na mashine yake, bila ya kumuuliza mtu. Klabu wangeionyesha jioni ile ile. Alaasiri gari ya kampuni ingempitia penye lango la mji, na mikebe yote mitano ya filamu lazima irudi. Ukikosekana mmoja, kazi hana, na asiye na kazi barua yake ya kukaa nchini inafutwa. Wangekwenda wapi? Unguja nyumba yao ilikuwa na wenyewe wengine.

Ili askari wa langoni asiulize, Yaarub aliufunga kila mkebe kwa kitambaa, fundo juu, kama watu wanavyofunga mikebe ya halua ya kupelekea jamaa. Mashine ilipita chini ya magunia ya mchele. Alipoiweka nyumbani alimwonyesha mkewe namna ya kuiendesha, kisha akatoka, maana wageni walikuwa wanawake watupu.

Walikuja kumi na mbili. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, jenereta ya jirani ikinguruma, na shuka jeupe likatundikwa ukutani. Haya niyaseme tu, ijapokuwa yanatia haya: Waarabu wote wale, kabila zao wanazitaja mpaka babu wa saba, na Kiarabu cha picha hakuna aliyekijua. Anayejua ni Kheiria peke yake, shoga yake Nasriya toka chuoni kwa mwalimu wa Kurani, aliyekaa Misri miaka miwili na kaka yake. Kheiria ndiye aliyekuwa akiwatafsiria, maneno yakimtoka mbio mbio, akilia na mjane na kufoka na polisi. Tajiri mmoja wa Iskandaria kauawa chumbani mwake, na kila mtu wa nyumba ile ana sababu ya kumuua.

Baada ya chakula cha mchana Bi Bakhita, bibi wa nyumba ya pili, alisema macho yanamtoka maji na mwanga ule, anakwenda zake. Nasriya hakutaka kukosa hata neno. Alinyoosha mkono kwenye rafu, palipopangwa halua za wageni, akamkabidhi bibi kifurushi kwa mikono miwili huku macho yake yako ukutani. Mgeni wa Nasriya haondoki mikono mitupu.

Mkebe wa nne ulimalizikia pabaya. Mpelelezi alifunga mlango, akageuka. "Hatoki mtu," Kheiria alitafsiri kwa sauti nzito. "Muuaji yumo humu humu."

Nasriya akaenda rafuni kutwaa wa tano. Akafungua kifurushi, halua. Akafungua cha pili, halua. Akavifungua vyote, halua tupu. Saa ya ukutani ilimwonyesha kabaki na dakika arubaini kabla ya gari ya kampuni.

Akenda akautia ufunguo mlango. "Hatoki mtu," alisema. Wenziwe walicheka, wakidhani anaigiza. Alipowaambia filamu haipo, kicheko kikakatika.

Na hapo ndipo shetani alipomkalia kichwani. Akaanza kupeleleza kama yule bwana wa ukutani. Nani aliyekaa karibu na rafu? Kheiria. Nani aliyechelewa kwenda kusali, akabaki chumbani peke yake? Kheiria. Kikapu cha nani kilikuja chepesi na sasa kimevimba? Tena Ghanim, mumewe Kheiria, ana mwaka mzima hana kazi, na nafasi ile ile ya Yaarub aliiomba akaikosa. Yaarub akifukuzwa, nani atafaidi? Nasriya aliona kila kitu kimekaa sawa, akamwambia Kheiria afungue kikapu.

Kheiria alikikumbatia. "Nasriya, nnakuomba," alisema polepole. "Usinifungulishe mbele za watu."

Mtu asiye na kosa angekataa? Ndivyo alivyojiuliza, mpumbavu yule, na akakivuta kikapu kwa nguvu. Ndani mlikuwa na sambusa, vipande vya mkate wa kumimina na paja moja la kuku, vimezongwa kwenye gazeti. Makombo ya chakula cha mchana, basi.

"Watoto hawajala toka jana," alisema Kheiria.

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mlango ukabishwa, na Nasriya akaufungua bila ya kufikiri. Alikuwa Bi Bakhita, na kifurushi mkononi, fundo limefunguliwa.

"Mwanangu, halua yako haina harufu," alisema bibi, "na kifuniko kimenishinda. Nimekuja unifungulie."

Nasriya alikipokea kwa mikono ile ile aliyokitolea. Alitamani ardhi ipasuke. Alimgeukia Kheiria, akamtaka radhi, akamtaka tena, akamwambia avichukue vyote na halua juu yake. Kheiria alikitoa chakula kipande kimoja kimoja, akakipanga juu ya sinia. Akavaa buibui lake, akatoka na kikapu kitupu, wala hakumtazama.

Ilibaki robo saa. Wale waliosalia waliomba mkebe wa tano wautazame, na Nasriya hakuwa na nguvu ya kuwakatalia. Mpelelezi alisema sana. Alizunguka chumba, akanyoosha kidole huku, akakirudisha, akakinyoosha kule, na mjane akaanguka akilia. Wanawake wakaulizana anasema nini, mpaka wakachoka kuulizana.

Yaarub alikuja mbio, akaihisabu mikebe mitano, akashusha pumzi. Kazi yake imesalimika. Alipokuwa akifunga kitambaa cha mwisho alitabasamu, akamuuliza mkewe muuaji alikuwa nani.

"Sijui," alisema Nasriya. "Kheiria alikuwa keshaondoka."